Mlango wa Choo cha Wodi ya Wanaume

Wauguzi walimbandika jina la Haki kabla hajamaliza wiki yake ya kwanza wodini, na hawakumwonea. Daktari mwingine akifika mbele ya mgonjwa husema, "Toa ulimi," mgonjwa akautoa, kazi ikaisha. Yeye alifika, akajitambulisha, akavuta kiti, akaomba ruhusa ya kukikalia, kisha akaeleza kwamba ulimi ni mali ya mwenyewe, na mwenyewe anaweza kukataa kuutoa bila kunyimwa huduma nyingine yoyote. Akimaliza, mgonjwa keshasinzia, na ulimi ungali ndani.

"Haki anakuja," wauguzi walinong'onezana wakimwona koridoni. "Kunyweni chai haraka, leo tutaombwa ridhaa."

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na hicho kitu hakukitaja. Miwani yake aliisukuma juu ya pua kwa kidole kila alipotaka kubishana, kwa hiyo ilikuwa juu muda mwingi. Alikuwa mwaka wa kwanza wa kusomea ubingwa wa magonjwa ya akili, darasa moja na vijana waliomwita "dada" kwa heshima iliyomuuma kuliko tusi. Vijana hao hawakumwelewa. Mtu aliyewahi kukaa meza moja na makatibu wakuu anafanya nini hapa, amebeba vichupa vya mkojo wa watu kwenda maabara?

Mwanzoni alikuwa daktari kama madaktari wengine, kwenye zahanati ya pembezoni ambako dawa za kifafa zilifika zikijisikia. Akauliza kwa nini hazifiki. Akaambiwa ni sera. Akauliza hiyo sera iko wapi. Hakuna aliyewahi kuiona. Basi akafunga begi akaenda kuitafuta inakoishi, na baada ya kuzunguka sana akaikuta hotelini, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, imezungukwa na chupa za maji na pipi za mnanaa. Akakaa nayo. Akasomea sera ya afya, akapata shahada; akasomea maadili ya tiba, akapata nyingine; kisha akaajiriwa na shirika la kutetea haki za binadamu, akawa mtu wa kuitwa kwenye warsha. Miaka ikapita kama inavyopita miaka yenye kiyoyozi, bila jasho.

Kazi yake kubwa ya siku hizo ilikuwa mwongozo wa kitaifa wa huduma kwa wagonjwa wa akili, mnene kama tofali. Sura ya utu na faragha aliiandika yeye. Humo mna sentensi isemayo kila mgonjwa ana haki ya faragha awapo maliwatoni. Wajumbe waligombana asubuhi nzima kama waandike "choo" au "maliwato". Wa maliwato walishinda, kwa hoja kwamba neno lao halinuki.

Angekuwa huko mpaka leo kama si foleni ya benki. Mzee mmoja mbele yake alianguka ghafla, mtu akapiga kelele, "Kuna daktari hapa?" Haki naye akageuka nyuma kutazama kama yupo. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba yupo, na kwamba ni yeye. Mzee alikuwa na njaa tu, akapewa soda akainuka, lakini Haki alitoka benki kilichompeleka amekisahau. Haukupita muda akaomba nafasi ya ubingwa. Wenzake wa warsha wakamuuliza kwa nini akili, mbona kuna macho, kuna ngozi, kuna meno. Akasema ameandika sana habari za watu hao, sasa angependa kukutana nao.

Hakujua kwamba atakayekutana naye ana kwa ana atakuwa mjomba wake.

Mjomba alikuwa mpima ardhi mstaafu, kaka mkubwa wa mama yake. Alikuwa mtu wa mistari iliyonyooka, maneno yake yakiwemo. Haki alipokuwa mdogo, watoto wenzake walifundishwa baiskeli na baba zao kwa hila: baba anasema nimekushika, kumbe ameachia zamani. Mjomba alisema, "Naachia sasa. Utaanguka." Akaachia, Haki akaanguka. Tangu hapo, kila alilosema Mjomba, Haki alilichukua lilivyo, na Mjomba naye alimchukulia hivyo hivyo.

Sasa Mjomba alikuwa halali. Alikuwa amegundua kwamba mtaa unapungua. Watu wasiojulikana, alisema, wanahamisha bikoni, vile vigingi vya zege vya mpaka, na kila kukicha barabara imekuwa nyembamba kidogo. Asubuhi alitoka na futi yake ndefu ya kazini, akapima. Alikuwa ameng'oa ua wa jirani mmoja ili aone kilichofichwa chini yake. Jirani alivumilia. Jirani wa pili alisema ua wake ukiguswa atamfundisha mtu adabu. Na juu ya yote hayo, Mjomba alikuwa ameanza kupima barabara kuu, katikati, magari yakimpigia honi kulia na kushoto.

Si mara ya kwanza. Miaka mingi nyuma, Haki akiwa masomoni mbali, Mjomba aliugua vilevile, na familia ikamwambia wanaenda harusini. Mjomba akavaa suti, akafunga tai, akaingia kwenye gari la mdogo wake akiimba. Gari likaingia hospitali ya wagonjwa wa akili. Walimshika wanaume wanne, akapigwa sindano juu ya suti. Alipona. Ila tangu siku hiyo hakupanda tena gari la mdogo wake, na harusi za watu alichangia bila kuhudhuria.

Kikao cha familia kilifanyika sebuleni kwa Mama. Mjomba Mdogo, yule yule mwenye gari, muuza matairi mwenye sauti ya kuita wateja, alikuwa na mpango.

"Safari hii si harusi," alisema. "Harusi keshaijua. Tunamwambia wizara ya ardhi inamwita kumpa cheti cha utumishi uliotukuka. Atapanda gari mwenyewe."

"Gari lako?" Mama akamuuliza. "Hilo hapandi hata likiwa linaelekea peponi."

"Ndiyo maana atamwambia huyu." Akamnyooshea Haki kidole. "Huyu anamwamini."

"Ndiyo maana siwezi, Mjomba," Haki akasema.

"Ndiyo maana unaweza! Wewe msichana vipi? Ungekuwa mwongo tungekutuma kwa kazi gani?"

Miwani ikapanda. Haki akaanza kueleza tofauti ya kumlinda mtu na kumhadaa, na jinsi mgonjwa aliyehadaiwa anavyokimbia tiba maisha yake yote, na kwamba sheria yenyewe inataka mtu aombwe ridhaa kwanza, hata kama...

"Mwanangu," Mama akamkata, ameshika tama. "Kaka yangu yuko katikati ya barabara. Lori haliombi ridhaa."

Haki akaishusha miwani; lori halikuwamo kwenye mwongozo. Mama alikuwa na haki ya kuogopa. Mjomba alihitaji hospitali, na haraka. Hata Haki hakubishia hilo. Walichobishania ni mlango gani ataingilia.

"Nipeni mpaka Jumamosi," alisema. "Nitamwambia ukweli. Akikubali, atakwenda mwenyewe."

"Na akikataa?" Mama akauliza.

Mjomba Mdogo hakungoja ajibu. "Kamba iko kwenye buti," alisema. "Jumamosi saa nne."

Kesho yake Haki aliomba ruhusa kazini akamkuta Mjomba barabara kuu, pembeni kidogo ya mstari mweupe, amevaa kofia ya kazini, amechutama.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Shika huku." Akamkabidhi mwisho wa futi.

Haki akashika. Pikipiki ikapita ikipeperusha sketi yake. "Mjomba, nashika ili magari yatuone wawili na tumalize haraka. Lakini nakwambia mapema: mimi sioni kama barabara imepungua."

"Hujasomea ardhi."

"Kweli. Nimesomea watu wasiolala. Umelala lini?"

Mjomba alisoma namba, akakunja midomo, akasimama. Macho yalikuwa mekundu na mikono ilikuwa na vumbi mpaka kwenye viwiko. "Nikilala wanahamisha," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini ambayo Haki hakuwahi kuisikia kwake, "Nimechoka, mpwa wangu. Nimechoka vibaya."

Wakahamia kivulini, kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Hapo Haki akamwambia. Kwamba anaona ugonjwa ule wa zamani umerudi. Kwamba anataka ampeleke wodini kwao, si harusini, si wizarani. Kwamba yeye hatakuwa daktari wake, maana ndugu hatibu ndugu, lakini atakuwepo jengo hilo hilo.

Mjomba hakukasirika. Aliuliza maswali, moja moja, kama mtu anayenunua kiwanja.

"Dawa zao zitanifanya nini?"

"Utalala. Sana mwanzoni. Mikono inaweza kutetemeka. Utanenepa."

"Chakula?"

"Kibaya."

"Kunanuka?"

"Kunanuka."

"Wewe biashara huiwezi," Mjomba akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. Kisha tabasamu likafutika. "Choo je? Mlango wa choo unafungwa?"

Haki aliutafuta mlango huo kichwani. Hakujua. Alikuwa amefanya kazi kwenye wodi hiyo miezi, na sura nzima ya faragha ilikuwa yake, lakini hakuwahi kuusukuma mlango ule.

"Mara ile," Mjomba akasema, akiangalia magari, "suti waliichana, nikasamehe. Sindano, nikasamehe. Lakini choo kilikuwa hakina komeo. Kila nikikaa, mtu anafungua. Mgonjwa anafungua, mlinzi anafungua, mfagiaji anafungua na ufagio wake anasema samahani mzee, lakini haondoki. Siku zote nilizolazwa sikuwahi kukaa nikamaliza. Mimi mtu mzima, nina wajukuu. Nilitoka pale nimepona kichwa, tumbo ndilo liliugua." Akaikunja futi taratibu. "Weka komeo la ndani kwenye mlango wa choo chenu. Nitakuja mwenyewe, kwa miguu yangu."

"Na nisipoweza?"

"Basi mwambie mdogo wangu kamba aje nayo ndefu. Unadhani sijui anaweka nini kwenye buti?"

Mchana huo Haki alikwenda moja kwa moja kwenye choo cha wodi ya wanaume. Mlango ulikuwa na matundu manne ya skrubu mahali pa komeo, na hakukuwa na komeo. Wagonjwa walikuwa na utaratibu wao: aliye ndani anaimba. Mgeni asiyejua aliingiliwa mpaka alipojifunza. Kulikuwa na mmoja ambaye hakuwa akizungumza kabisa, sembuse kuimba. Yeye aliacha kandambili moja nje ya mlango kama ishara, na mara mbili ilikuwa imeibwa, akarudi kitandani akichechemea.

"Makomeo yalikuwepo," Sista, mkuu wa wodi, akamwambia. Alikuwa mama mnene aliyeendesha jengo lile tangu Profesa, mkuu wa idara, akiwa na nywele. "Mgonjwa akajifungia, akataka kujidhuru. Tulivunja mlango kwa bega la mlinzi. Wakubwa wakaagiza yatolewe yote. Sasa hajifungii mtu, ila hata choo hakiendeki. Nusu ya dawa ninazogawa humu ni za kulainisha tumbo."

Haki akaenda kwa fundi mkuu wa hospitali, aliyekaa nyuma ya meza yenye bomba kuukuu na redio.

"Nataka komeo la choo."

"Andika maombi, yapite manunuzi, yapite mkaguzi. Mwakani."

"Mwongozo wa taifa unasema kila mgonjwa ana haki ya faragha."

"Nimeusoma," fundi akasema, akipunguza redio. "Lakini faragha siyo bidhaa. Stoo yangu ina koki, ina balbu, ina misumari. Faragha haimo. Aliyeandika angeandika komeo, ningeliagiza."

"Niliandika mimi."

"Pole."

"Nikinunua mwenyewe?"

"Kitu cha mtu binafsi nikikikuta kwenye jengo la hospitali nakitoa. Kesho mtafunga na mapazia."

Kesho yake, kwenye raundi, mbele ya kundi zima la makoti meupe, Haki akalipeleka kwa Profesa. Profesa alikuwa mtu mfupi mwenye tai ya hariri. Kuhusu akili za watu alijua karibu kila kitu, na kuhusu matumbo yao hakujua lolote.

"Daktari," alisema, "sina dawa za kutosha, sina vitanda, sina wauguzi. Wewe unaniletea choo. Kwenye kazi hii kuna kitu kinaitwa vipaumbele."

Vijana wakacheka. Haki hakucheka. Neno vipaumbele alikuwa amelitamka yeye mwenyewe kwenye warsha zisizo na idadi, kila mtu akaliandika, wakaenda kula.

Siku zilikuwa zinayeyuka. Mama alipiga simu: Mjomba amenusurika, basi limempitia karibu mpaka kofia ikaruka. "Umefikia wapi na ukweli wako?" aliuliza, na haikuwa kejeli, ilikuwa woga. Haki akakata simu, akaingia kwenye choo cha madaktari, akajifungia, akakaa juu ya mfuniko na koti lake, na hapo ndipo uongo ulipomjia, mtamu na mwepesi. Amwambie tu Mjomba kwamba komeo lipo. Akishaingia wodini, nani atamsikiliza? Mgonjwa wa akili analalamika kwamba alidanganywa: huo nao si ugonjwa? Ungeandikwa kwenye faili lake kama dalili. Alishtuka jinsi ulivyokuwa uongo mzuri. Usingeshindwa hata kidogo.

Akainua macho. Mbele yake, mlangoni, palikuwa na komeo. Lilikuwa la kuzungusha, lenye kijidirisha upande wa nje kinachoonyesha kijani pakiwa patupu na nyekundu pakiwa na mtu, na katikati ya kijidirisha kulikuwa na mfereji mdogo. Haki akatoka, akalifunga mlango ukiwa wazi, akaingiza sarafu kwenye mfereji, akazungusha. Likafunguka kwa nje.

Akarudi kumleta Sista, akamsukumia ndani na kumwambia ajifungie.

"Una kichaa gani leo?" Sista akafoka akiwa ndani, lakini alifunga. Haki akaingiza sarafu, mlango ukafunguka, Sista akaonekana amejishika kifua. "Mtoto wewe! Ungebisha hodi kwanza!"

"Umeona? Mtu anajifungia, na akileta hatari mnafungua bila kuvunja. Na si kitu cha mtu binafsi, ni mali ya hospitali." Miwani ilikuwa juu kabisa. "Kanuni za majengo ya afya zinasema mkuu wa wodi anaweza kuhamisha kifaa kutoka chumba hadi chumba cha jengo lake kwa ajili ya usalama wa wagonjwa. Kibali hakihitajiki, neno lako tu. Nilikuwepo siku ilipopitishwa. Ilikuwa karibu na chakula cha mchana, hakuna aliyeisoma."

Sista aliliangalia komeo. Akamwangalia Haki. Pengine alikuwa akiwaza kandambili ya yule asiyezungumza, au labda alikuwa akimuwaza Profesa.

"Nimehamisha," alisema. "Bisibisi iko kwenye droo yangu. Na nyinyi madaktari mtajifunza kuimba."

Haki alilifunga kwa mikono yake, wagonjwa watatu wakimshauri na mmoja akimshikia skrubu kwenye kiganja kama vidonge. Skrubu moja ilipinda. Yule asiyezungumza alikuwa wa kwanza kuingia. Alikaa ndani muda mrefu mno. Alipotoka hakusema kitu, lakini kandambili zilikuwa miguuni zote mbili.

Ijumaa, baada ya chai ya saa nne, Profesa aliingia kwenye choo cha madaktari. Hakutazama mlango, miaka yote ulikuwa na komeo, na yeye hakuwa mtu wa kutazama milango. Alikuwa amekaa, tai ameirusha begani, pale mlango ulipofunguliwa na kijana wa kampuni ya dawa aliyekuja kutangaza vidonge vipya. Walitazamana. Yule kijana alikuwa amelelewa vizuri, na butwaa ilipomshika, malezi ndiyo yaliyozungumza.

"Shikamoo, Profesa."

Profesa naye, kwa mazoea ya miaka mingi, akajibu, "Marahaba."

Nusu saa baadaye Haki alikuwa amesimama mbele ya meza yake. Uso wa Profesa ulikuwa na rangi ambayo haimo kwenye vitabu.

"Nani kang'oa komeo?"

"Mimi, Profesa. Liko kwenye choo cha wagonjwa wanaume."

"Lirudi. Sasa hivi."

Likirudi, kesho saa nne itakuwa kamba. Haki angeweza kutaja kanuni. Alikuwa nazo nyingi. Badala yake alimuuliza kitu ambacho wao wawili waliwauliza wagonjwa kutwa nzima, bila kungoja sana jibu.

"Mlango ulipofunguliwa, Profesa alijisikiaje?"

Nje, mtu alikuwa akisukuma kitoroli chenye gurudumu linalolia. Profesa alichukua kalamu, akaiweka. Akanyoosha tai. Alikuwa mtu wa hasira lakini hakuwa mtu mbaya, na swali lilikuwa la kitaalamu.

"Niitie fundi," alisema mwishoni, bila kumtazama.

Kabla ya saa tisa, choo cha madaktari kilikuwa na komeo jipya linalong'aa, na kitasa juu yake. Manunuzi hayakuonekana, mkaguzi hakuonekana, wala mwakani haukungojwa. Lile la wagonjwa hakuna aliyelitaja tena.

Jumamosi Haki alifika kwa Mjomba mapema, kabla ya gari. Alimkuta amekaa kwenye kizingiti, amenyoa, macho mekundu.

"Lipo?"

"Lipo. Skrubu moja imepinda, lakini linashika. Lina tundu la sarafu kwa nje: ukitaka kujidhuru, watafungua."

Mjomba akafikiri. "Hilo ni haki."

"Kuna jingine, Mjomba. Ukishaingia, ukitaka kutoka wakati ugonjwa bado mkali, wanaweza kukuzuia. Kwa nguvu hata."

"Ndiyo unaniambia leo?"

"Ningekwambia siku ile, lakini niliogopa."

Honi ya Mjomba Mdogo ikasikika mwisho wa mtaa. Mjomba aliinuka, akafunga mlango wake, akajaribu kitasa mara mbili.

"Twende kabla huyo hajafika," alisema. "Gari lake linanuka matairi."

Walikwenda kwa miguu, Haki upande wa magari. Mjomba alisimama mara kadhaa kuangalia upana wa barabara; Haki alisimama naye, hakusema anaona wala haoni. Walipofika wodini, Mama na Mjomba Mdogo walikuwa wamekwishafika kwa gari. Mjomba Mdogo alikuwa ameshika funguo mkononi, kamba ameiacha kwenye buti kwa sababu Mama alimwambia akiitoa ataifunga kwenye shingo yake yeye.

Mjomba hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja chooni, akaliangalia komeo kwa karibu, akaligusa, akaingia. Kijidirisha kikageuka nyekundu.

Wakangoja. Wakaendelea kungoja.

"Je, akikataa kutoka?" Mjomba Mdogo akanong'ona.

Sista akamwonyesha sarafu iliyokuwa kiganjani mwake, kisha akafumba kiganja. "Mwache mtu amalize," alisema.

Mama alianza kulia kimyakimya, akajifuta kwa mtandio, akacheka kidogo, akalia tena. Haki aliutazama mlango, hakubisha. Maji yakavutwa. Kijidirisha kikageuka kijani, Mjomba akatoka akikung'uta mikono, akauliza kitanda chake kiko wapi.

Kwenye meza ya mapokezi daktari wa zamu, mmoja wa wale vijana wa darasa moja na Haki, alikuwa tayari na kalamu. Aliwatazama waliosimama nyuma.

"Mzee ameletwa na nani?"

Mjomba Mdogo alijiweka sawa, akafungua mdomo.

"Mbona unawauliza hao?" Mjomba akasema, akivuta kiti na kukikalia. "Niulize mimi."

Kijana akasita. "Haya, mzee wangu. Umeletwa na nani?"

"Nimekuja."

Daktari wa zamu alimtupia Haki jicho, kama mtu anayeomba tafsiri.

"Umemsikia," Haki akasema.